Nyumba Siuzi, Dada

Nyumba ya pembeni,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, mwezi wa uchaguzi.

Mpendwa dada yangu mkubwa,

Salamu kwanza, maneno baadaye, maana adabu ulinifunza kwa makofi. Goti linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia au bado anakitumia kukwepa kazi? Sisi tu wazima. Wifi yako amenenepa, mimi nimezidi uzuri, na binti yetu amenipita urefu lakini nauli bado ananiomba mimi.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Unataka niuze nyumba kabla ya kura, nirudi nyumbani, na kiwanja umeshanishikia ubavuni mwako. Sikukudharau, dada. Mambo ya huku ni kama ulivyoyasikia redioni, tena redio imepunguza chumvi. Wakubwa wanagombea kiti, sisi wadogo tunaficha unga uvunguni. Fedha ndiyo usiseme. Asubuhi noti inanunua mkate mzima, jioni unapewa ganda.

Basi nikakutii. Nikampata mnunuzi, muuza magari mmoja, tumbo limemtangulia hatua mbili. Anataka nyumba tatu za safu yetu avunje, ajenge ghala: yangu, ya muuguzi mjane hapa jirani, na ya fundi viatu. Wenzangu wawili walikuwa wananisubiri mimi. Wanasema mimi Brashi nimezunguka dunia, nikiuza ujue meli inazama. Nami sikukataa sifa, unanijua. Tukapeana mikono na muuza magari, ahadi ikawa atalipa kwa fedha ya kigeni.

Sasa sikia nilichokifanya. Nikasema nyumba ya fundi rangi kama mimi, niliyepaka hoteli na ikulu (ikulu nilipaka geti tu, lakini geti ni ikulu), haitakabidhiwa ina madoa. Nikapiga msasa kuta zote, nikaziba nyufa, nikapaka mara tatu. Wifi yako akaenda zake kuosha vyombo.

Nilikuwa nimejibana nyuma ya tangi la maji na brashi ndogo, namalizia kona, muuguzi akachungulia juu ya ukuta.

“Wewe Brashi, nyumba si inavunjwa?”

“Inavunjwa.”

“Sasa unamremba maiti?”

Nikamwambia kazi ni kazi. Akacheka mpaka akashika ukuta. “Mwongo wewe. Huuzi. Na kama wewe huuzi, mimi nihame niende wapi?” Akaondoka kumwambia fundi viatu.

Dada, nilikaa chini na rangi mkononi nikajiuliza, mtu anayeondoka anapaka nyuma ya tangi ili aone nani?

Kesho yake nikamfuata muuza magari ofisini kwake. Nikamwambia siuzi. Akaniambia nitajuta serikali ikianguka. Nikamwambia ikianguka nitakuwa ndani ya nyumba yangu, yeye atakuwa na magari ya kumuuzia nani? Hakupenda utani. Wenzangu nao wamekataa, na safu yetu imebaki nzima.

Sikufichi, naogopa. Huenda nyumba hii ikakosa thamani, huenda tukafunga milango siku nyingi. Lakini noti hulala ikaamka imepungua, nyumba hailali ikaamka imepungua chumba. Binti yetu amezaliwa humu, na watu wawili wamebaki kwa sababu yangu. Nikiwakimbia sasa, hata kioo kitanikataa. Tumekubaliana na wifi yako: chumba cha mbele kinakuwa duka la rangi, na fundi viatu atanining'inizia kibao.

Kwa hiyo kiwanja kiachie, mpe mwingine, usinishikie tena. Najua ulikwisha kuona moyoni mlango wangu ubavuni mwa wako, na hilo ndilo linaloniuma, si fedha. Nuna, dada, una haki. Ila usininunie kwa mbali. Uchaguzi ukipita salama, njoo uninunie humu humu. Chumba chako nimeshakipaka, kile kinachopata jua la asubuhi, kwa ajili ya goti.

Msalimie shemeji, wapwa wangu wote, na mama mdogo mwambie bado nakula vizuri. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya dari yako, nasi atufikishe upande wa pili wa mwezi huu tukiwa na meno yetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mkaidi kama ulivyonilea,

Brashi