Darubini ya Tikyo Imezimika

Danao, Cebu
Jumamosi, 9 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Delfin,

U hali gani huko kwenye baridi? Mgongo umepona? Na wifi yangu, bado anapangiwa zamu za usiku hospitalini? Huku sisi wazima, ila Baba ana kikohozi, na bado anavuta sigara nyuma ya nyumba akidhani mimi sina pua.

Sanduku lako la Krismasi lilifika salama. Tulilifungua sote sebuleni, majirani wakichungulia dirishani kama kawaida yao. Asante kwa kahawa, sabuni na viatu vya Baba. Ile darubini ndogo ya kulengea, yenye nukta nyekundu, nilimkabidhi binamu yetu Tikyo kama ulivyoagiza. Uliniambia ni ya bunduki yake ya mchezo, ile ya risasi za plastiki. Nikaamini, mjinga mimi.

Sasa nisikilize. Jumanne Tikyo alikuja amenuna, darubini mkononi. Nukta imezimika na kioo kinacheza.

"Dada, Delfin kanitumia takataka! Mwambie atume iliyo imara."

"We naye, ulikuwa unapigilia misumari?" nikamtania.

Hakucheka. Tikyo anayecheka hata msibani!

Baba akaiomba aitazame. Unamjua, miaka thelathini ya kutengeneza bunduki kwa siri mtaani hapa, vidole vyake havijasahau. Akaigeuza, akainusa, akapitisha ukucha kwenye kibanio cha kuifungia juu ya bunduki. Akangoja mpaka Tikyo alipotoka getini.

"Hii imepigwa teke," akasema. "Bunduki ya plastiki haina teke."

Akanieleza kwamba darubini ya mchezo hukaa vizuri tu juu ya bunduki ya kweli, maana vipimo vya kibanio vinakaribiana sana. Lakini bunduki ya kweli ikilia, hurudi nyuma kwa nguvu, na teke hilo hutikisa vya ndani mpaka vinaachia. Ebu ona ujinga wa binamu yako: kabeba ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, kaja kulalamika nao!

Tangu hapo silali vizuri. Tikyo hajapanda mlimani kucheza na bunduki yake ya plastiki Jumapili hata moja tangu Novemba. Anamfuata mgombea mmoja kila mahali, amevaa jaketi kwenye joto hili. Na huu ni wakati wa uchaguzi, silaha ni marufuku, askari wameweka kizuizi darajani. Nikimuuliza anapata wapi pesa za pikipiki mpya, ananiambia nipike wali niache maswali.

Na wewe pia nina shaka nawe, nakwambia kweli. Umekulia nyumba hii. Binamu yako akikuomba darubini "iliyo imara", hujiulizi imara ya nini? Au ulijua? Baba alishafungwa miaka miwili kwa bastola moja tu. Leo ana miaka sabini na sita, na jina lake bado liko kwenye vitabu vya polisi. Wakikuta kitu nyumbani kwake hawatauliza kiliagizwa na nani. Atakufa humo ndani, Delfin.

Shangazi Purificacion anakusalimu, watoto wangu wanakusalimu, na Padri anauliza lini utakuja. Mtoto Mtakatifu Yesu akulinde, akupe na akili.

Sasa jibu hili kabla ya mengine yote. Leo asubuhi limeletwa sanduku jingine, dogo, zito, ambalo hukuniambia habari zake. Mpokeaji si mimi safari hii, ni Baba. Mwandiko ni wako. Umetia nini ndani? Nimekupigia simu mara nne, hupokei; Tikyo naye nimempigia, amesema anakuja.

Baba anadhani umemkumbuka kwa chokoleti. Amekaa mbele ya sanduku na kisu mkononi, ananiita nikafungue naye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Herminia