Pedali ya Zilpah

S.L.P. 1187,
Kakamega.
21 Septemba 2025.

Mpendwa dada Zilpah,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Amalemba, ambako mvua ya kila alasiri imetukalia kama mgeni asiyejua kuaga. U hali gani huko Halifax? Lile goti limepoa? Shemeji Wanyonyi na binti yetu Emily wanaendeleaje? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, ingawa juzi aliikataa ingokho ya mke wangu Sylvia, akisema kuku huyo kapikwa kwa haraka. Ukisikia hivyo, jua yuko salama.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Wiki iliyopita ulisema hutakuja Desemba, eti tumekwisha kuzoea kuishi bila wewe, na ukija utakaa sebuleni kama mgeni. Nikacheka. Tulipokata simu sikucheka tena. Neno hilo liliniuma, Zilpah, na sikuwa na la kukujibu.

Sasa ninalo, ila nivumilie, linapitia kwenye gitaa la marehemu Baba.

Unalikumbuka? Hata sijui kwa nini nauliza. Lile gitaa lenye miguu minne kama meza, nyuzi juu, pedali chini, ambalo mwalimu mzungu wa Bukura alimwachia Baba alipokuwa akirudi kwao, kwa kuwa lilikuwa zito mno kulipandisha ndege. Majirani walidhani ni cherehani. Baba hakuwa na wa kumfundisha. Alijifunza mwenyewe kutelezesha kile kipande cha chuma juu ya nyuzi, mpaka likaanza kulia kama mtu.

Na visa vyake! Uzi wa tatu ulilegea kila mvua iliponyesha. Pedali ya pili ndiyo iliyokuwa na kiburi zaidi: ukiikanyaga sauti inapanda vizuri, ukiondoa mguu yenyewe inabaki chini, imekwama, na sauti imebaki juu. Ndipo wewe ukapewa kazi. Ulikaa chini ya gitaa, juu ya gunia la mbolea lililokunjwa, ukiisukuma irudi kwa mkono.

Nawe ulichelewa. Kila mara! Pale wimbo wa Mama wa kupalilia unapogeuka, wewe ulikuwa unasikiliza badala ya kufanya kazi, na sauti ikabaki huko juu, inangoja, inangoja, kisha ndiyo inashuka. Kanisani watu walifuta machozi na kumsifu Baba kwa ufundi. Naye alizipokea sifa hizo bila aibu, mzee yule. Kicheko chako kutoka kule chini ninakisikia hadi leo.

Tangu uondoke nimekuwa nikipiga nyimbo nyingine zote na kuuruka huo wa Mama, maana hakuna wa kuirudisha pedali. Basi mwezi uliopita nikamwita Barasa, fundi wa kuchomelea vyuma kule Shieywe, akatia springi ya pikipiki. "Hii sasa iko sawa, mzee," akaniambia. "Haitakusumbuanga tena." Na kweli, nikikanyaga inapanda, nikiachia inashuka. Nilifurahi kama mtoto. Jumapili baada ya chakula nikampigia Mama wimbo wake wote, bila kukwama popote.

Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akayafumbua, akachungulia chini ya gitaa.

"Umepiga vizuri, mwana wanje," akasema. "Lakini Zilpah ameenda wapi? Hapo anachelewanga."

Usidhani akili imempotea. Anajua uko Canada, hata saa za huko anazijua kunishinda. Alikuwa anataja tu kile ambacho masikio yake yalikikosa. Hata mimi nilikuwa nimekikosa, ila nilikuwa nashangilia springi.

Hilo ndilo jibu langu. Hatujazoea, dada. Tumekukosa, na mimi ndiye ninayekukosa zaidi, ingawa sikuwahi kukuambia.

Jana niliitoa springi ya Barasa. Gunia nimelikunja nikaliweka mahali pake, na binti yangu Ashley amekatazwa kulikalia. Goti lako likikataa kukunjika tutakutafutia kigoda. Kisha nikauanza wimbo tena mbele ya Mama, nikafika pale unapogeuka, nikakanyaga, pedali ikakwama. Nikaacha hapo hapo. Mama akatikisa kichwa na kutabasamu.

Sauti iko huko juu, Zilpah. Njoo uishushe.

Sylvia na Ashley wanakusalimu sana. Msalimie shemeji, umbusu Emily kwa niaba yangu. Mama amekataa kutuma salamu. Anasema zake atakupa mwenyewe, mkononi.

Mungu akulinde kazini na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Wako akupendaye,
Kaka yako, Osundwa.