Mama Alisema Mbili

Louisville, 3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na kiwandani wamekutoa kule kwenye baridi. Mimi sijambo. Nimemaliza shule. Mama Gaspari, aliyenihifadhi hapa mtaani Iroquois tangu msiba wa Mama, alipiga vigelegele peke yake ukumbini. Niliona aibu, halafu nikafurahi.

Naandika kwa sababu kwenye simu huwa nanyamaza, unanijua. Imekuja barua kutoka idara ya tiba ya dharura ya chuo kikuu, wenye hospitali alikofia Mama. Wanafanya utafiti juu ya wagonjwa waliotafsiriwa na ndugu zao, na wanataka kuniuliza ilikuwaje siku ile ya Februari. Nimesoma makala waliyochapisha mwaka jana, mara tatu, na kamusi. Wanasema mgonjwa anayetafsiriwa na mtoto wake hutaja maumivu madogo kuliko anayetafsiriwa na mkalimani.

Wewe kama mume ndiye wa kuweka sahihi. Ukisema hapana, nitawajibu hapana.

Binti yako,
Florida

Buffalo, 11 Juni 2024

Florida mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, ila wamenipa kiti. Hongera kwa kumaliza. Nimewaonyesha wenzangu picha yako na lile joho, Sipriani akasema, "Nestori, huyu si wako, huyu ni mzuri." Nikamwambia afunge mdomo, afunge na maboksi.

Sahihi nimeweka, imo humu. Walimkalisha mama yako kwenye kiti masaa sita na utumbo umetoboka. Nililisema hilo mbele ya kanisa letu hapa, nimesimama, watu wakalia. Sasa wenyewe wanaomba kusikia? Basi waambie. Usiinamishe kichwa kama kawaida yako. Mimi nilikuwa huku kwenye mashine, wewe ndiye ulikuwepo. Yote uliyoyaona yaandikwe.

Baba yako

Columbus, 20 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimehamia kwa Shangazi Rakeli juma lililopita. Anakusalimu, na wadogo zangu wote hapa kwake ni wazima. Anadhani sasa hivi naandika maombi ya kazi.

Nilizungumza na daktari wa utafiti kabla sijaondoka Louisville. Niliyomwambia nakuambia na wewe, maana yatachapishwa, na sitaki uyapate kwao kabla hujayapata kwangu.

Asubuhi ile Mama alishindwa kuinama. Mimi ndiye niliyemvalisha viatu. Tulipofika, nesi aliuliza anajisikiaje. Mama akajibu kama tunavyojibu sisi: mzima, namshukuru Mungu. Nikatafsiri hivyo hivyo. Kwetu shida huja baada ya salamu, lakini nesi hakungoja, alikuwa ameshaandika. Akauliza kama tunataka mkalimani wa simu. Mama akaninong'oneza, "Akipokea Jovini je? Jumapili kwaya nzima itajua habari za tumbo langu." Ni kweli, Jovini wa kwaya anafanya kazi hiyo. Nikamwambia nesi hapana, naweza mwenyewe.

Kisha akauliza maumivu ni namba gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Mama akacheka. "Kumi ni ya wanaolia. Mimi nimezaa watano kambini, ukimbizini, na hakuna aliyenisikia. Sema mbili."

Nikasema mbili. Nilijua si mbili, Baba. Niliona aibu kumpinga mama yangu mbele ya mgeni. Waliosema nane na tisa wakaitwa, sisi tukakaa.

Daktari alisema kosa si langu, ndiyo sababu wanafanya utafiti. Kisha akaendelea kuandika.

Nakuomba unijibu, hata mstari mmoja.

Binti yako,
Florida

Columbus, 9 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni karibu miezi minane. Simu yako inaita tu. Sipriani amemwambia Shangazi kwamba unakwenda kazini na unarudi, nikashukuru kujua hilo. Mimi nimepata kazi ya kuhudumia wazee.

Makala imetoka, nakutumia nakala. Sisi tuko ukurasa wa nne: mwanamke, miaka 44, alitafsiriwa na binti yake, miaka 17; alitaja mbili; alifariki siku ya pili. Nililitafuta jina la Mama, Kostansia, mpaka mwisho, halimo. Wameandika pia kwamba siku hizi pale nesi haulizi tena kama unataka mkalimani. Anapiga simu mwenyewe, na mkalimani anatoka jimbo lingine, asiyemjua mgonjwa.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Florida

Buffalo, 2 Aprili 2025

Florida,

Nimeipata. Kiingereza changu hakifiki huko, Sipriani ndiye aliyenisomea. Kwa hiyo naye anajua.

Jumapili nilisimama tena kanisani. Nikasema yale niliyoyasema mwaka jana hayakuwa yote. Sikukutaja jina.

Unataka kujua kama nimekusamehe. Nikiomba, nasema ndiyo. Nikiinuka, sioni kama ni kweli, na siwezi kukuandikia uongo. Siku nitakayofika hapo nitapanda basi nije Columbus mwenyewe. Sitakuandikia barua.

Nijibu jambo moja. Umeandika kwamba alicheka. Alicheka kweli?

Baba yako

Columbus, 9 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Nashukuru umeandika.

Alicheka. Hata nesi alicheka, ingawa hakuelewa maneno. Lakini chini ya shali Mama alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto, na kucha zake ziliingia kwenye nyama. Daktari wa utafiti hakuniuliza hilo, nami sikumwambia.

Ulipokuja kumzika, ulinishika mkono huo huo kaburini. Alama zilikuwa bado zipo. Nilishusha mkono wa koti ili usizione.

Binti yako,
Florida