Waiombee Ivunjike

Jumatatu, 4 Novemba
Nimefika bondeni, kusini mwa Xi'an. Baridi kali. Mwezi uliopita injini ya roketi mpya ya mizigo mizito ilipasuka pampu ikiwa jukwaani, kwenye majaribio. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyelaumiwa pia — bado. Kwanza "kurudi sifuri": anayedai kujua chanzo lazima auvunje mtambo upya, vilevile, mbele ya mashahidi. Maneno matupu hayapokelewi.

Mbunifu wa pampu ni Ruan Peizhi. Miaka tisa ya kazi. Anasema kosa ni lake: mapanga ya pampu ni membamba mno, presha ya oksijeni ikishuka yanatetemeka, yanapiga mluzi, mpaka yanapata ufa. Akithibitisha, atayanenepesha na roketi itaruka. Akishindwa, inarudishwa pampu ya zamani, dhaifu — na theluthi ya mzigo itabaki chini.

Kwa hiyo anaomba ivunjike. Sijawahi kuripoti dua ya namna hiyo.

Jumanne, 5 Novemba
Kantini. Hapa yai, kwa umbo lake, ni sifuri ya mtihani. Hakuna mzazi anayempa mtoto yai peke yake siku ya mtihani. Leo Mama Hou, mpishi, kagawa mayai ya kuchemsha, bila kitu kingine. "Kuleni sifuri zenu, mkafeli vizuri!"

Fundi mmoja: mama, mara ile si ulituombea isivunjike?

"Na ikavunjika! Nyamaza, meza."

Ruan hakucheka. Yai lake alilitia mfukoni.

Alhamisi, 7 Novemba
Jaribio la kwanza. Injini ilinguruma hadi mwisho, nzima kabisa. Mtu akapiga makofi — akakumbuka, akaficha mikono.

Mbunifu mkuu, Mzee Tong, kwa upole ambao sikuupenda: "Peizhi, pampu yako inakukana."

"Mliogopa, Mzee. Presha hamkuishusha nilipotaka."

"Nikiishusha zaidi jukwaa litalipuka!"

"Heri jukwaa liungue hapa, kuliko roketi ituangukie."

Tong akavaa kofia, akatoka. Injini ya leo haiwashwi mara ya pili; imebaki moja tu. Nayo ni ya roketi yenyewe.

Ijumaa, 8 Novemba
Tong amekubali. Jaribio moja, la mwisho.

Nilimuuliza Ruan anaogopa nini.

"Ikipona."

Na ikivunjika?

"Nitakuwa nimekosea. Kukosea kunarekebishika, mwandishi."

Jumamosi, 9 Novemba
Chumba cha kutazamia. Naandika papa hapa, kidaftari gotini. Mama Hou kaja na aproni yake. Hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Imewashwa. Kioo kinatetemeka, chai inacheza vikombeni. Taa zote kijani.

Presha imeshushwa. Kijani.

Imeshushwa hadi pale ilipokomea juzi. Kijani! Fundi nyuma yangu anaitukana injini kwa sauti ya chini — vunjika, mwanahizaya.

Sasa chini zaidi. Tong ameweka kidole juu ya kitufe cha kuzimia. "Peizhi, inatosha."

"Bado, Mzee."

"Sina injini nyingine!"

"Bado."

Ruan hatazami taa. Amefumba macho, lile yai la Jumanne mkononi, anasikiliza. Mimi sisikii kitu zaidi ya ngurumo.

Hapana — kuna mluzi. Mwembamba, ndani kabisa ya ngurumo. Labda ni masikio yangu. Taa bado kijani.

Tong: nazima!

Ruan amemshika mkono. Ganda la yai limepasuka kiganjani mwake, na anatabasamu —