Nyumba Yetu Bado Ina Jina la Mwalimu

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa nimefika mwisho wa akili yangu, naomba unisaidie, maana kila ninayemweleza jambo hili ananicheka kwanza ndipo ananishauri.

Mimi ni seremala, mke wangu ni muuguzi, tuna watoto wawili, na miaka mitatu iliyopita tulinunua nyumba ya vyumba vitatu kwa mwalimu mmoja mstaafu, tukalipa yote, tukaandikiana makubaliano mbele ya wakili na mashahidi, mke wa mwalimu naye akasaini kwamba ameridhia, mwalimu akatukabidhi funguo na hati halisi, tukahamia, na mpaka hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Kilichobaki ilikuwa kuhamisha jina tu, na hapo ndipo mkosi ulipoingia, kwa sababu siku tuliyokaa kujaza fomu ya uhamisho, nilipofika kwenye nafasi ya jina la mnunuzi nikaanza kuandika langu, mke wangu akaniuliza taratibu mbona lake halipo, nikamwambia mimi ndiye baba wa nyumba hii, akanijibu kwamba nusu ya nyumba hii imetoka kwenye zamu zake za wodini, basi nikaweka kalamu chini. Kesho yake nikamshirikisha dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea, akasema liandikwe jina lake yeye, eti mke na mume huachana ila dada haachiki, na mke wangu aliposikia hilo akanuna wiki mbili, fomu ikaingia kwenye droo.

Imekaa humo miaka mitatu. Mwalimu alikuwa akipiga simu kila mwezi kuuliza twende lini ofisi ya ardhi, mimi namwambia wiki ijayo, au shule zikifungwa, au nikimaliza kabati za mteja fulani, naye anasema sawa, na kila karatasi ya kodi ya jengo ikifika kwake huileta mwenyewe kwa miguu, anaiweka mezani, halafu anatazama ukutani. Ukutani ndiko hati iliko, mshauri, maana niliitengenezea fremu ya mbao safi na kioo nikaitundika sebuleni, kila mgeni ajue kwamba hatupangi tena, na sasa mke wangu anasema tumetundika jina la mwanamume mwingine sebuleni kwetu.

Sasa mambo yamebadilika. Mwalimu anaumwa moyo, atafanyiwa upasuaji Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu, na juzi alikuja mwanawe wa kwanza na tepu ya kupimia, akazunguka ukuta wa uani akiandika vipimo, nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa kwamba anataka tu kujua mali ya baba yake ikoje. Nikamfuata mke wangu, tukaanza upya habari ya jina la nani, tukaishia kununiana. Ndipo nikapata wazo: mwalimu aisaini fomu ile jina la mnunuzi likiwa wazi, aende zake hospitali, na sisi tulijaze tukishapatana. Mke wangu anasema huo ni wendawazimu, dada anasema ni wazo la busara. Naomba uniambie nani yuko sahihi.

Ni mimi, mwenye nyumba.

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu seremala, umejiita mwenye nyumba, na mimi naanza kukukatalia hapo hapo. Mwenye nyumba ni yule aliyeandikwa kwenye daftari la ofisi ya ardhi, na aliyeandikwa huko ni mwalimu. Wewe una makubaliano, una risiti, una funguo. Ni vitu vizuri, vitakusaidia ukifika mahakamani, lakini ni vitu vya mtu anayedai.

Kabla sijaja kukaa hapa gazetini nilikaa miaka kumi na minane nyuma ya kaunta ya ofisi ya ardhi. Nimeona watu watatu waliouziwa kiwanja kimoja wakikutana kwangu asubuhi moja. Nimeona wajane wakizungushwa hadi viatu vikaisha soli. Lakini mnunuzi ambaye muuzaji anambembeleza aje achukue chake, naye anamkimbia, ndiyo kwanza namwona. Naelewa ulikuwa unakwepa ugomvi na mkeo, na ugomvi wa ndani unachosha. Ila mmegombea kiti miaka mitatu, na muda wote huo kiti kimekaliwa na mtu mwingine.

Mkeo yuko sahihi. Fomu yenye saini ya muuzaji na nafasi tupu ya mnunuzi ni hatari kuliko kutokuwa na fomu kabisa, maana atakayeishika na kalamu ndiye atakayejiandika. Wakili anayejiheshimu hawezi kushuhudia saini ya namna hiyo. Na mzee akifariki, Mungu apishe mbali, utaanza kuwaeleza watoto wake kwa nini wino wa jina lako ni mpya kuliko wino wa baba yao. Tena baada ya hapo hakuna wa kukusainia chochote mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na huenda akawa ni yule yule kijana wa tepu. Wala usimkasirikie. Hati uliyoitundika mwenyewe ina jina la baba yake, ulitaka afikiri nini?

Sasa hilo la jina, ambalo nalisema nikiwa nimeshika kichwa. Nyumba moja inaweza kuandikwa watu wawili. Wewe na mkeo, wote, kwenye fomu hiyo hiyo. Mwulizeni wakili awaeleze tofauti ya kumiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifariki nyumba humbakia mwenzake, na kumiliki kwa hisa, ambapo kila mmoja ana fungu lake na warithi wake. Swali la dakika kumi. Mlikuwa na wakili, wewe ukaenda kumuuliza dada.

Dada amekulea, mheshimu na umtunze. Lakini nyumba hakununua. Ukimwandika yeye, siku akiondoka duniani nyumba inakwenda kwa watoto wake, na wewe seremala utakuwa mpangaji wa wapwa zako.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Toa hati kwenye hiyo fremu taratibu, usiichane. Nenda na mkeo kwa wakili yule yule, aombe upekuzi mpya wa daftari, kwani ule wa miaka mitatu iliyopita haukuambii kama kuna zuio au rehani iliyoingia hapo katikati. Jazeni fomu yote, majina mawili, pasibaki nafasi. Kisha msimburute mzee kwenye foleni. Wakili amfuate nyumbani, asaini akiwa kwenye kiti chake, mkewe asaini ridhaa, na yule mwanawe mwombeni awepo aone. Lipeni kodi ya uhamisho, wasilisheni karatasi, na msiondoke kaunta bila risiti yenye mhuri na namba ya jalada. Hayo yote yawe yamekwisha kabla ya Alhamisi hiyo.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna barua nyingine mezani kwangu, imefika wiki moja kabla ya yako, mwandiko umenyooka kama wa ubaoni. Mzee mmoja aliuliza kama sheria ina njia ya kuwalazimisha watu wapokee nyumba waliyoinunua. Akasema wanunuzi ni fundi seremala na mkewe muuguzi, watu wema, ila hawapokei tena simu zake. Nilidhani ananitania, nikaiweka kando. Leo nimeisoma tena mpaka mwisho, na mstari wa mwisho unasema: "Nataka niingie chumba cha upasuaji nikiwa sina kitu cha mtu."

Mwalimu, nisamehe kwa kuchelewa. Jibu langu ni hili: wanakuja.

Na wewe seremala, usinifanye mwongo.