Karatasi ya Fundi Juu ya Skrubu

Shoga usinipigie, nitaandika. Nimejifungia chooni.

Kaka amempiga fundi wa kompyuta. Kwa mfuniko wa chuma wa kompyuta yenyewe. Usoni.

Ni ile kadi mpya ya picha, ya kuhariria video zake za harusi. Fundi alimwambia kabla hujanunua, fungua upime nafasi ya ndani. Kaka akanituma mimi.

Leo fundi kaja kuipachika, imegoma kuingia, imezidi vidole viwili. Kaka akaisukuma mpaka ikavunjika, halafu eti kosa la fundi.

Fundi akauliza tu, "Nani alipima?"

"Mdogo wangu, na huyu hakosei."

"Muulize kama alifungua."

Shoga, nilipima kwa nje. Kwa nje. Niliona uvivu kufungua skrubu nne.

Nikasema, "Nilifungua."

Hapo ndipo kaka alipomshukia. Jino liliruka likagonga kioo. Nakuja kumshika mkono, keshampiga mara tatu.

Unaijua ile karatasi fundi anayobandika juu ya skrubu kila akifunga kompyuta ya mtu, na tarehe, ili ajue kama kuna aliyeigusa? Ya kwetu aliikuta nzima leo, akaibandua mwenyewe. Akaitoa mfukoni huku damu inamtiririka, akanibandika kifuani.

Tarehe ya mwaka jana.

Kaka akaisoma. Akainama, akauokota tena ule mfuniko.

Ndiye anayegonga mlango sasa hivi. Na hagongi kwa mkono.