Mama Amesikia Habari ya Chumba cha Ndani

Jumamosi. Baridi ya Julai imekataa kutoka hapa Mbumbuni. Ukungu bado uko juu ya mbaazi, na Mama amekaa nje akingoja jua kama mtu aliyeahidiwa.

Mnaosoma blogu hii mnamjua Mwende. Mimi ni Ndinda, mdogo wake. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika hapa, amelala kifudifudi, simu kwenye mto, kwa sababu kukaa muda mrefu kwenye kiti cha magurudumu kulimchoma mgongo. Tulimzika mwezi wa nne. Namba ya siri ya simu alinipa mwenyewe, akaniambia nisiache ukurasa wake uote nyasi.

Sijui kuandika kama yeye. Mwende aliweza kuwa na maumivu na bado akachekesha. Mhubiri mmoja alimwambia kwamba yuko karibu kutembea. Akamjibu, "Basi pasta uanze kuweka pesa ya viatu. Hivi vyangu huzeeka kwa kutazamwa tu."

Leo sina la kuchekesha. Mama ameniambia nifute yale maandishi ya chumba cha ndani.

Ndiyo yaliyosomwa kuliko yote. Mwende alieleza kwamba utotoni, kila wageni walipokuja, Mama alimbeba akamweka chumba cha ndani na kurudisha mlango. Aliandika hivi: "Wengine hujua wageni wamefika wakisikia hodi. Mimi nilijua nikibebwa." Halafu akasema alikuwa akisikiliza vikombe upande wa pili, na hata siku moja hakuna kikombe kilichokuwa chake.

Jana kwenye foleni ya maji, Mama Kioko, ambaye tunasali naye, alimwambia Mama mbele ya watu, "Kumbe Mama Mwende ulikuwa unaficha mtoto kama pombe ya chang'aa! Kijana wangu amenisomea kwa simu." Watu wakacheka. Mama alirudi na mtungi nusu.

Mwende hayupo, Mama yupo. Ni Mama atakayekutana na watu hao tena. Hilo lilinifanya nishike simu nikiwa tayari kufuta.

Lakini chini ya maandishi hayo kuna maneno ya mama mmoja wa Mutomo. Mtoto wake hawezi kuketi bila kushikiliwa. Alisema alikuwa akimfungia nyuma ya nyumba wageni wakija, na baada ya kumsoma Mwende ameacha. Nikifuta, nafuta na hayo.

Nikamwambia Mama, "Mwaitu, wacha kwanza nikusomee. Wewe umeyasikia kwa Mama Kioko tu."

"Soma. Si yamesomwa na soko lote?"

Nilisoma nikigeuza kila sentensi kwa Kikamba. Alikuwa akimenya mbaazi kwenye uteo. Nilipofika kwenye vikombe, mikono yake ikasimama.

Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia katika nyumba hii.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Walikuja watu wa maombi kutoka mbali, na Mama aliwapokea kwa furaha, akapika chai. Waliomba kwa nguvu, halafu wawili wakamshika Mwende mikono, wakamsimamisha, wakamwambia atembee. Wakamwachilia. Akaanguka kwa uso kwenye saruji. Mama alipokuwa akimfuta damu, mmoja wao akasema imani ya nyumba hii ni ndogo.

Lile kovu juu ya mdomo wa Mwende. Mimi nilidhani alizaliwa nalo.

"Tangu siku hiyo," Mama akasema, "nikisikia hodi, nilikuwa nimeshambeba. Nilijiambia hakuna mtu atamsimamisha mtoto wangu tena."

"Na yeye hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba aliangushwa na watu wa Mungu? Alikuwa amesahau. Nikaona ni heri."

Kuku walikuja wakaanza kula mbaazi zilizomwagika. Hakuna aliyewafukuza.

"Kwa hivyo amekufa akifikiri nilimwonea haya."

 

Nilitaka kumwambia kwamba Mwende aliandika pia jinsi Mama alivyomgeuza kitandani asipate vidonda, na jinsi alivyomwimbia akimwogesha. Ni kweli aliandika. Lakini nilijua si hilo analouliza.

Badala yake nilimwambia kuhusu mama wa Mutomo. Nilitaka ajue ni nani mwingine aliye ndani ya maandishi hayo kabla sijayafuta. Alisikiliza akitazama barabara.

"Huyo mtoto anaweza kuongea?"

"Ameandika kwamba anaelewa. Anajibu kwa macho."

"Basi mwandikie huyo mama. Mwambie, kabla ya kumbeba kumtoa au kumleta, amuulize mtoto. Mimi sikumuuliza wangu."

"Niandike kwamba ni wewe umesema?"

"Andika Mama Mwende. Na hiyo ya kuanguka uiweke pia, wote waisome."

"Na ya Mwende nifute?"

Alianza tena kumenya. "Ameandika alichokiona. Wewe ungefuta nini hapo?"

Kwa hivyo sikufuta. Nimeyaweka maneno ya Mama chini ya ya Mwende, jinsi alivyoyasema, bila kuyapamba. 

Sasa jua limetoka na Mama amelala kwenye mkeka, mgongo wake kwangu. Nimekaa na simu hii nikijiuliza kama Mwende angekubali jina la Mama liingie kwenye ukurasa wake. Huenda angekataa. Huenda angelia. Najua angetaka kuulizwa kwanza, na huyo hatuwezi tena kumuuliza.